Zoezi Linapita, Insha Inakwama: Kisa cha Mwanafunzi wa Kiingereza cha Ngazi ya Juu

Usuli

Mwanafunzi wa kisa hiki ni mtu mzima, mtaalamu wa fani ya kiufundi, na lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Alisomeshwa kwa Kiingereza tangu sekondari na anakitumia kazini kila siku kwenye ripoti, barua pepe na mikutano. Jina, fani, mahali na tarehe vimeondolewa. Sentensi zake zilizonukuliwa humu zimebadilishwa mada, ila kosa limeachwa lilivyokuwa.

Alihitaji bendi 7 katika sehemu ya kuandika ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza ambao alama zake huitwa bendi na hufika 9. Mara mbili alizokuwa ameufanya, kuandika kulimpa 6.0, ilhali kusoma na kusikiliza vilipita 7. Pengo la namna hii linaonekana sana kwa watu waliosomeshwa kwa Kiingereza. Wanaelewa karibu kila wanachokisoma, wanazungumza bila kusita, na kwa kuwa wanaeleweka hakuna anayewasahihisha. Kosa likishakaa miaka kumi bila kumkwaza mtu, mwenyewe halioni tena.

Ili maamuzi ya baadaye yaeleweke, yafaa kujua alama zinatoka wapi. Maandishi hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mpangilio na mshikamano, msamiati, na sarufi. Kazi ya pili, insha ya maneno yasiyopungua 250, ina uzito maradufu ya kazi ya kwanza, ambayo ni ya maneno yasiyopungua 150. Zote mbili hufanywa ndani ya dakika 60, na inashauriwa insha ipewe 40 kati ya hizo. Kwenye kigezo cha sarufi, bendi 6 inamkubali mtu anayechanganya sentensi sahili na changamano huku akikosea bila kuharibu maana. Bendi 7 inadai kitu kingine: sentensi zisizo na kosa lolote ziwe nyingi. Kinachohesabiwa hapo ni sentensi nzima iliyo safi, na sentensi ndefu ya kupendeza yenye kosa moja dogo haihesabiki.

Wiki nne za kwanza

Mwalimu alianza na kile ambacho vitabu vya ngazi ya juu huanza nacho: kupindua mpangilio baada ya *not only*, *hardly* na *never before*, sentensi za mkazo zinazoanza na *what* au *it is*, masharti mchanganyiko, na kitenzi kikavu, yaani kisichobadilishwa umbo, baada ya *recommend* na *insist*. Sababu yake ilikuwa na msingi. Kigezo cha sarufi kinapima upana pia, na mwanafunzi alikuwa akiandika sentensi za umbo moja.

Mazoezi ya kujaza nafasi na kugeuza sentensi aliyapata kati ya asilimia 85 na 95. Insha hazikusogea, na moja ilirudi nyuma. Sentensi hii ilitoka kwenye insha aliyoiandika siku mbili baada ya kumaliza zoezi la kupindua mpangilio kwa asilimia 95:

*Not only technology has changed the way of working, but also it has brought the new challenges.*

Baada ya *not only* mwanzoni mwa sentensi, kitenzi kisaidizi hutangulia kiima: *Not only has technology changed…* Nusu ya pili inataka *but it has also brought*. *The way of working* ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kiingereza; Mwingereza angesema *the way people work*. Na *the* iliyo mbele ya *new challenges* haina kazi, kwa sababu changamoto hizo hazijatajwa popote kabla. Sentensi moja iliyokusudiwa kumpamba mwandishi ikampa mtahini makosa manne.

Kwenye zoezi, kichwa cha ukurasa kilishamwambia ni muundo gani unaotakiwa. Kazi iliyobaki ni kukumbuka kanuni. Kwenye insha hakuna kichwa cha ukurasa: mwandishi anatafuta hoja, neno na mpangilio kwa pamoja, saa inakwenda, na kanuni inayohusika haijitangazi. Alama 95 za zoezi zilithibitisha kwamba anaijua kanuni akikumbushwa, na hilo halikuwahi kuwa tatizo lake.

Kuzihesabu insha

Wiki ya tano mazoezi yalisimamishwa. Zilikusanywa insha sita alizoziandika kwa kubanwa na muda, bila kamusi wala programu ya kusahihisha. Jumla yake ilikuwa takribani maneno 1,650 katika sentensi 84. Kila kosa la sarufi na matumizi lilihesabiwa na kuwekwa kwenye fungu moja tu:

- vibainishi, yaani *a*, *an*, *the* na mahali pasipotakiwa kitu: 31
- nyakati na masharti: 14
- kihusishi kisichofaa baada ya kitenzi: 13
- nomino zisizohesabika na wingi: 12
- mipaka ya sentensi na alama za uandishi: 11
- kurudia kiunganishi au kiwakilishi: 6
- mengineyo: 7

Makosa 94. Lakini namba iliyouma zaidi ni nyingine: sentensi safi zilikuwa 29 tu kati ya 84, kama theluthi moja. Hapo ndipo bendi 6 ilipotoka. Na ukiacha masharti, hakuna hata fungu moja lililohusu miundo iliyofundishwa wiki nne nzima, kwani yale machache ya kupindua mpangilio yaliingia kwenye mengineyo.

Kipimo cha pili kilifanywa siku iliyofuata. Mwanafunzi alirudishiwa insha zake, kila kosa likiwa limepigiwa mstari bila kuelezwa ni kosa gani, akaambiwa arekebishe. Mwanaisimu Pit Corder alitenganisha mwaka 1967 kuteleza kwa mtu anayejua na kosa linalotokana na kutojua, na njia rahisi ya kuvitenganisha mezani ni hiyo: anayejua hurekebisha akioneshwa pa kutazama. Alirekebisha 58. Nje ya vibainishi alipata 45 kati ya 63. Kwenye vibainishi alipata 13 kati ya 31.

Kwa hiyo kulikuwa na magonjwa mawili. Makosa mengi ya kawaida aliyajua, ila hakuyaona alipokuwa akiandika. Vibainishi hakuvijua, ingawa aliweza kukariri kanuni zake zote.

Makosa yalikotoka

Sehemu hii ndiyo mwalimu wa mtu anayefikiri kwa Kiswahili hapaswi kuiruka. Makosa ya mwanafunzi huyu yalikuwa na utaratibu, na utaratibu wenyewe ni sarufi nzuri kabisa ya Kiswahili iliyohamishiwa pasipo pake.

Masharti: *If the firm would have trained its staff, it would have saved money.* Kiswahili huweka kiambishi kilekile pande zote mbili: ingalifunza, ingaliokoa. Kiingereza rasmi hakitaki *would* upande wa *if*. Kinataka *had trained*. Muundo wa *would* pande mbili husikika kwenye mazungumzo, hasa Marekani, ila katika maandishi rasmi unahesabiwa kosa.

Nyakati: *I have completed the course in 2015.* Mtu akisema "nimezaliwa mwaka 1990" hakuna anayeshtuka, kwa sababu -me- inavumilia kutajiwa mwaka. Hali timilifu ya Kiingereza haivumilii wakati uliokwisha kutajwa. Ukiandika *in 2015*, *last year* au *two months ago*, kitenzi kinarudi kwenye wakati uliopita: *completed*. Kosa hili lilimgharimu zaidi kwenye kazi ya kwanza, ya kueleza grafu, ambako karibu kila sentensi ina mwaka ndani yake.

Kurudia: *Although the cost is high, but the benefits are clear.* Ndiyo "ingawa… lakini" yetu. Na *the problem which many firms face it* ni ile -o- rejeshi ikifuatana na kiwakilishi cha mtendwa, kama katika "tatizo wanalolikabili": kwetu -li- ina haki ya kuwapo, Kiingereza kinaifuta.

Mipaka: *Training costs money, however it pays later.* Sisi huunga vishazi kwa koma na -ka-: alifika, akaketi, akaanza kuandika. Sentensi inakwenda bila kuhitaji kiunganishi. Katika Kiingereza rasmi, vishazi viwili vinavyoweza kujitegemea havishikwi na koma peke yake, na *however* si kiunganishi. Panatakiwa nukta, au nukta mkato, kisha koma baada ya *however*.

Vihusishi vilikuwa na chanzo tofauti kidogo. *Discuss about*, *emphasise on*, *request for more time*, *they lack of skills*. Ni kweli "kujadili kuhusu" na "kusisitiza juu ya" vinasukuma, lakini ndani ya Kiingereza chenyewe kuna mtego: nomino ya neno hilohilo inataka kihusishi. *A discussion about the plan* ni sahihi, *an emphasis on quality* ni sahihi, *a lack of skills* ni sahihi, *a request for more time* ni sahihi. Mwanafunzi alikuwa amevisikia vihusishi hivyo mara elfu na nomino zao, akavipeleka kwenye kitenzi.

Wingi: *equipments*, *researches*, *evidences*, *advices*, *staffs*. Hapa panatosha kusema kwamba orodha ni fupi, na anayeandika ripoti za kazi hukutana na maneno yaleyale kumi na tano mwaka mzima.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza, miundo ya kupamba iliwekwa kando hadi sentensi safi zivuke nusu. Mwanafunzi hakupenda. Alihofu kwamba sentensi sahili zitamshusha kwenye upana. Mwalimu alimwonesha kwamba insha zake tayari zilikuwa na vishazi rejeshi, vya masharti na vya kukubali kinyume (kama vya *although*) katika karibu kila aya. Upana alikuwa nao. Kukosa usahihi ndiko kulikokuwa kukiutia doa.

La pili, vibainishi vishughulikiwe polepole na peke yake, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichohitaji kufundishwa upya. Mengine yote yashughulikiwe kama makosa ya kutoona, maana yake kwa mbinu za kuyaona.

La tatu, mwalimu asiandike jibu sahihi kwenye insha. Apige mstari tu. Jibu lililoandikwa na mwalimu kwa kalamu nyekundu linasomwa mara moja, kichwa kinatikiswa kwa kukubali, na Jumatatu kosa linarudi.

La nne, programu za kusahihisha sarufi zizimwe wakati wa kuandika, zitumike tu baada ya mwanafunzi kumaliza marekebisho yake mwenyewe. Programu inayorekebisha kimyakimya inamnyima mtu hasa kile anachokihitaji, yaani kuliona kosa lake.

Wiki ilivyopangwa

Siku tano, kila siku dakika 50 hivi.

Siku ya kwanza: insha moja ya dakika 40, muda ukipimwa.

Siku ya pili: insha inarudi na mistari. Mwanafunzi anarekebisha, kisha anaingiza makosa kwenye daftari lenye safu nne: sentensi yangu, sentensi iliyorekebishwa, sababu kwa maneno yangu mwenyewe, sentensi mpya mbili zenye muundo huo na nomino tofauti. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Bila hiyo, daftari ni kumbukumbu ya aibu tu.

Siku ya tatu: vibainishi peke yake, kwa njia itakayoelezwa hapa chini.

Siku ya nne: imla ya kujenga upya. Inachaguliwa aya ya maneno 90 hadi 110 kutoka makala iliyohaririwa vizuri. Inasomwa mara mbili kwa mwendo wa kawaida; mara ya pili mwanafunzi anaandika maneno ya msingi tu. Kisha anaijenga aya nzima upya na kuilinganisha na asilia neno kwa neno. Kila tofauti inajadiliwa: je, alichoandika nacho kinakubalika, au kimekosewa? Zoezi hili lina nguvu kwa sababu maneno ya msingi hukumbukwa, lakini *a*, *the*, vihusishi na miisho ya vitenzi havikumbukwi. Mwanafunzi anajikuta akivijaza kutoka kwenye sarufi yake mwenyewe, na hapo pengo linaonekana bila mtu kulionesha.

Siku ya tano: kuandika upya insha ya siku ya kwanza bila kuitazama, kisha kuipitia mara tatu. Mpito wa kwanza ni wa nomino, kuanzia sentensi ya mwisho kurudi nyuma ili maana isimbebe msomaji: kila nomino ya umoja inayohesabika iwe na kitu mbele yake. Mpito wa pili ni wa vitenzi: kila mwaka uliotajwa, kila *if*, kila kitenzi kilicho kwenye orodha ya vihusishi. Wa tatu ni wa koma na viunganishi: *however*, *although*, na koma yoyote iliyo kati ya vishazi viwili vinavyojitegemea.

Vihusishi viliandikwa kwa jozi daima, kitenzi na nomino yake: *discuss the plan, a discussion about the plan*. Palipokuwa na shaka, mwanafunzi alitafuta kwenye COCA, hazina ya matini ya Kiingereza cha Marekani yenye maneno zaidi ya bilioni moja, akalinganisha mara ngapi *emphasize the* inaonekana na mara ngapi *emphasize on the*. Kujionea tofauti hiyo kulimkaa kuliko kuambiwa.

Vibainishi kwa karibu

Kwanza mwanafunzi alipewa maswali matatu kwa mpangilio huu. Nomino hii, kwa maana niliyoitumia hapa, inahesabika? Kama inahesabika, ni umoja au wingi? Msomaji anaweza kujua ni ipi ninayoizungumzia?

Maswali ni mazuri, lakini yakiulizwa yote kwa kila nomino, insha haiandikiki. Ndipo lilipotengwa jambo moja linaloweza kukaguliwa haraka bila kufikiri maana: nomino ya umoja inayohesabika karibu kamwe haisimami uchi. Iwe na *a*, *the*, *this*, *my*, *each* au chochote cha namna hiyo. Katika *Company that invests in training keeps its workers*, hakuna haja ya kujiuliza kama kampuni inajulikana au haijulikani. *Company* ni ya umoja, inahesabika, na iko uchi. Tayari ni kosa. Jibu la kawaida kwa kauli ya jumla ni *A company*, au wingi, *Companies that invest*. Kati ya makosa 31 ya vibainishi, 14 yalikuwa ya aina hii.

Lililobaki, la *the* kuwapo au kutokuwapo, ni gumu kwa sababu Kiswahili kinabeba ujulikanaji wa kitu mahali pengine. "Nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu" havisemi kitu kimoja. Ile -ki- inamwambia msikilizaji kwamba kitabu tayari tunakijua. Mwanafunzi alifundishwa kutumia hisia hiyo kama dira: ningesema hivi kwa Kiswahili, ningeweka kiambishi cha mtendwa? Ikiwa ndiyo, *the* ina uwezekano mkubwa. Dira hii ina mipaka, na mipaka yenyewe aliambiwa mapema. Haifai kwa watu na wanyama, kwa sababu kwao kiambishi huwekwa karibu kila mara, wawe wanajulikana au la. Wala haisaidii nomino ikiwa kiima. Hata hivyo, ilikuwa mara ya kwanza sarufi ya lugha yake kufanywa msaada badala ya kulaumiwa, na bidii yake ilionekana kubadilika tangu hapo.

Yaliyokwama katikati

Wiki ya nane makosa ya *the* yaliongezeka. Mwanafunzi alikuwa amejifunza kwamba nomino yenye *of* baada yake hupata *the*, kama *the importance of education*, akaanza kuandika *the education is the key* na *the children need the exercise*. Nomino za jumla, zisizohesabika au za wingi, zikivishwa *the* hupoteza ujumla wake. Na hata kanuni ya *of* haikuwa kamili, maana *a lack of*, *a member of* na *a sense of* haziifuati. Uamuzi ulikuwa kuacha kabisa kufundisha *the* kwa wiki mbili na kukagua nomino uchi peke yake. Mwalimu aliona ni heri aache makosa machache ya zamani kuliko kuzalisha mapya kwa kujihami.

Daftari nalo lilijaa. Lilipofika mistari zaidi ya sitini, hakuna aliyelifungua tena. Likawekewa kikomo: mistari 12 hai tu. Mstari unatoka muundo ukitokea sawa katika insha tatu mfululizo, na unarudi kosa likirudi. Orodha ya 12 inasomeka kwa dakika mbili kabla ya kuanza kuandika.

La tatu lilikuwa la muda. Mipito mitatu ilikula dakika 10, na insha mbili zikakosa hitimisho. Kosa la sarufi hupunguza alama kwenye kigezo kimoja. Insha isiyoisha inaumiza kujibu swali na mpangilio kwa pamoja. Mgawo ukabadilishwa kuwa dakika 5 za kupanga, 29 za kuandika na 6 za kupitia: 3 nomino, 2 vitenzi, 1 koma. Ili zitoshe, mwanafunzi aliacha kuandika insha zilizokuwa zimerefuka hadi maneno 330 na kushuka hadi kama 280.

Kwenye nyakati palikuwa na kukwepa. Kwa wiki kadhaa hali timilifu ilitoweka kabisa kwenye insha zake; kila kitu kikawa wakati uliopita. Makosa yalipungua kwenye hesabu, lakini kwa sababu isiyo nzuri. Alirudishwa kwa kazi ndogo: aandike aya moja yenye *since*, *so far* na *over the past decade*, na ndani yake sentensi mbili zenye mwaka maalumu.

Matokeo

Wiki ya 14 zilipimwa insha sita nyingine kwa masharti yaleyale, takribani maneno 1,700 katika sentensi 92. Makosa yalikuwa 41: vibainishi 19, nyakati na masharti 5, vihusishi 4, nomino na wingi 3, mipaka ya sentensi 3, kurudia sifuri, mengineyo 7. Sentensi safi 60 kati ya 92, karibu theluthi mbili.

Mtihani uliofuata ulimpa 7.0 kwenye kuandika. Mtihani mmoja hauthibitishi mengi, kwani mada ya insha inaweza kumkubali mtu siku hiyo. Hesabu ya insha ina uzito zaidi kwetu kuliko bendi yenyewe.

Miezi miwili baadaye zilitazamwa barua pepe zake za kazini, alizoziandika bila kujua kwamba zingetazamwa, na zilitumika kwa ruhusa yake. Vihusishi, masharti na *although* vilikuwa vimeshika. Nomino uchi zilikuwa zimeanza kurudi, hasa kwenye sentensi za haraka kama *Please send report before meeting*.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni kile kipimo cha kupiga mstari bila maelezo. Kilichukua saa moja na nusu, na kilibadilisha mwelekeo wa wiki zote zilizofuata. Bila hicho, mwalimu angeendelea kufundisha vihusishi na masharti kana kwamba havijulikani, na mwanafunzi angeendelea kupata 95. Yeyote anayefundisha ngazi ya juu bila kujua kosa ni la kutojua au la kutoona anabahatisha.

Kupitia kwa mipito kuliponya makosa ya kutoona kwa haraka, kwa sababu kila mpito unatafuta kitu kimoja. Kuambiwa "soma tena insha yako" hakusaidii: jicho linasoma maana, na maana ilikuwa sawa tangu mwanzo. Lakini ndiyo maana pia nomino uchi zilirudi kazini. Ukaguzi ulikuwa umefungwa kwenye dakika sita za mwisho za insha, na barua pepe haina dakika hizo. Vihusishi vilishika kwa sababu havikutegemea ukaguzi. Vilijifunzwa kama vipande, kitenzi na kinachokifuata kwa pamoja, vikatoka kalamuni vikiwa sahihi.

Udhaifu mkubwa wa mpango ulikuwa hapo. Vibainishi navyo vingeweza kufundishwa kwa vipande tangu wiki ya tano, sambamba na ukaguzi: *as a result*, *in the long run*, *on a regular basis*, *at the expense of*, *a wide range of*, *the vast majority of*. Sehemu nzuri ya vibainishi katika insha rasmi imo ndani ya misemo iliyoganda ya aina hii, ambayo mwandishi mzoefu hafikirii kanuni yoyote anapoiandika. Muda mwingi wa siku ya tatu ulitumika kwenye maswali ya ujulikanaji, ambayo yanachosha na yanalipa kidogo, huku misemo hiyo ikiachwa ije yenyewe kupitia imla.

Wiki nne za miundo ya kupamba hazikupotea zote. Sentensi zilipokuwa safi, *what* ya mkazo ilirudishwa wiki ya 12 na ikaingia vizuri: *What employers need is evidence of skill.* Kupindua mpangilio hakukurudishwa. Mwanafunzi alishauriwa asikuguse mtihanini, na hakuna dalili kwamba kulimgharimu chochote.

Kazi iliyobaki kwake ni mbili. Kila wiki achukue barua pepe tatu alizokwisha kutuma, azungushie duara nomino za umoja zinazohesabika, na aandike upya sentensi zenye nomino uchi. Na kwenye daftari, mistari yote 12 sasa ni ya misemo yenye kibainishi ndani yake, minne mipya kila wiki, kila mmoja ukiandikwa ndani ya sentensi kamili inayohusu kazi yake.